Kazi ya Pili, Kodi na Siri: Mambo ya Kufahamu kwa Wafanyakazi wa Arusha na Moshi

Msimu wa wageni unapofika, kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kati ya Desemba na Februari, miji ya Arusha na Moshi hupata kazi nyingi kuliko watu wa kuzifanya. Mhasibu aliyeajiriwa katika hoteli huombwa kutunza hesabu za kampuni inayopandisha wageni mlimani, dereva wa taasisi hupewa safari za mwisho wa wiki kuelekea Tarangire, muuguzi wa hospitali ya serikali hushika zamu za usiku katika zahanati ya binafsi, na mhadhiri hufundisha jioni katika chuo kingine. Wengi wao hawamwambii mwajiri wa kwanza. Tukisema ukweli, mshahara mmoja hauwatoshi wengi, na makala haya hayakuandikwa ili kumhukumu mtu anayetafuta riziki ya pili kwa jasho lake.

Yameandikwa kwa sababu ya mkanganyiko mmoja tunaokutana nao mara kwa mara katika dawati la ushauri wa kodi. Mfanyakazi anayemficha mwajiri wake kazi ya pili huamini kwamba ni lazima aifiche pia kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwa hofu kwamba akilipa kodi siri itavuja. Kwa hiyo humwomba mwajiri wa pili amlipe mkononi, au amwandikishe kana kwamba hana kazi nyingine yoyote. Hapo amechanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha kabisa. Kumficha mwajiri ni suala la mkataba, na matokeo yake hutegemea maneno yaliyomo katika mkataba huo na namna kazi ya pili inavyogongana na ya kwanza. Huenda hata lisiwe kosa. Kuificha kazi hiyo katika kodi ni kuvunja sheria ya nchi, na deni lake hukua kila mwezi kwa riba, hata kama mwajiri wa kwanza hatajua kamwe.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni kama kazi hiyo ya pili ni ajira au ni biashara ya kutoa huduma, kwa sababu njia za kodi za mambo hayo mawili hazifanani. Jina mliloyapa malipo hayo halitoshi kuamua. Mwalimu anayefundisha kwa ratiba ya shule, kwa vitabu vya shule, chini ya usimamizi wa mkuu wa shule na kwa malipo ya kila mwezi, ameajiriwa, hata kama malipo hayo huitwa posho na hakuna karatasi iliyotiwa saini. Mwalimu yuleyule akikodi chumba Njiro, akawakusanya wanafunzi wake mwenyewe, akapanga ada na kubeba hasara wasipokuja, huyo anafanya biashara. Kati ya hao wawili wapo wengi walio katikati, na kwao tunashauri makubaliano yaandikwe mapema badala ya kungoja mgogoro uwaamulie.

Ajira ya pili na asilimia 30

Tuanze na ajira, kwa kuwa ndiyo inayoleta makosa mengi. Mfanyakazi mkazi wa Tanzania Bara hukatwa kodi katika mshahara kwa viwango vinavyopanda. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kodi. Kiasi kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kinachofuata hadi 760,000 hutozwa asilimia 20. Hadi 1,000,000 asilimia 25. Na kila shilingi inayozidi milioni moja hutozwa asilimia 30. Hesabu hiyo hufanywa baada ya kutoa mchango wa mfanyakazi katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwajiri ndiye anayekata na kuwasilisha kodi hiyo ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha.

Ngazi hizo ni za mtu mmoja na mapato yake yote kwa pamoja. Hazikuwekwa ili kila mwajiri amwanzishe mfanyakazi chini kabisa kana kwamba amezaliwa leo. Ndiyo maana utaratibu wa kukata kodi ya mishahara unatofautisha ajira ya msingi na ajira ya pili: mwajiri wa ajira ya msingi hutumia ngazi tulizozitaja, na mwajiri wa ajira ya pili hukata asilimia 30 ya malipo yote kuanzia shilingi ya kwanza. Mwajiri wa pili hawezi kulijua hilo kwa kukisia, bali hutegemea tamko la mfanyakazi mwenyewe anapoajiriwa.

Hebu tuchukue mhasibu wa Moshi ambaye mshahara wake wa hotelini, baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 900,000, na ambaye kampuni ya utalii inamlipa 500,000 kwa mwezi kama mwajiriwa wa muda. Hotelini anakatwa 103,000. Kama ataiambia kampuni ya utalii kwamba hana kazi nyingine, watamkata 18,400 tu, na jumla ya kodi yake itakuwa 121,400. Lakini mtu mwenye mapato ya 1,400,000 kwa mwezi anapaswa kulipa 248,000. Pengo ni 126,600 kila mwezi, yaani 1,519,200 kwa mwaka mmoja. Hilo ndilo deni analolijenga kwa jibu moja katika fomu ya kuajiriwa, na miaka mitatu ikipita kabla ya kugundulika, riba na adhabu huwa zimeongezwa juu yake.

Kama angesema ukweli, kampuni ya utalii ingemkata 150,000 na jumla yake ingekuwa 253,000, yaani shilingi 5,000 tu zaidi ya kodi yake halisi. Kwa mtu wa kipato hicho kiwango cha asilimia 30 hakimwonei. Kinamfikisha karibu kabisa na pale alipopaswa kuwa.

Hali ni tofauti kwa mwenye kipato kidogo, na hapa ni lazima tuseme wazi kwamba utaratibu huu humwelemea. Mhudumu wa ofisi anayepokea 400,000 kazini na 200,000 kwa kufanya usafi jioni kwa mwajiri mwingine atakatwa 10,400 katika kazi ya kwanza na 60,000 katika ya pili, jumla 70,400. Kodi sahihi ya mtu mwenye mapato ya 600,000 ni 36,000. Amezidishiwa 34,400 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni 412,800, zaidi ya mshahara wake mzima wa mwezi katika kazi ya kwanza. Watu wa kundi hili wakisikia habari ya asilimia 30 hukimbilia kudanganya, na si vigumu kuelewa kwa nini.

Hata hivyo dawa ya kuzidishiwa si uongo. Kodi aliyokata mwajiri huhesabiwa kama malipo yaliyokwisha kufanywa kwa niaba ya mfanyakazi, kwa hiyo mfanyakazi anaweza kukokotoa mapato yake yote ya mwaka, kuwasilisha ritani ya kodi, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, na kuomba kurejeshewa kilichozidi au kukihamishia katika deni lingine la kodi. Hatutasema kwamba njia hiyo ni nyepesi. Inahitaji vielelezo vya makato kutoka kwa waajiri wote wawili, na mtu aliyelipwa mkononi bila karatasi yoyote hana cha kudai. Wafanyakazi wengi wa mishahara midogo hawajawahi kuambiwa kwamba haki hiyo ipo. Pengine wahasibu wanaowaandalia mishahara nao hawakuambiwa.

Mwajiri wa pili naye asijione yuko salama kwa sababu tu mfanyakazi ndiye aliyeomba kulipwa kimyakimya. Wajibu wa kukata kodi ni wake. Akishindwa kukata, Mamlaka inaweza kumdai yeye kodi hiyo, na malipo yasiyo na kumbukumbu humharibia hata gharama za biashara yake, kwa kuwa mshahara asioweza kuuthibitisha ni vigumu kukubaliwa kuwa gharama wakati wa ukaguzi. Wamiliki wa kampuni ndogo za utalii, ambazo hulipa watu wengi kwa fedha taslimu msimu ukiwa umechangamka, wanapaswa kuliangalia hili kwa makini zaidi kuliko wanavyofanya sasa.

Unapotoa huduma na si ajira

Mtu anayetengeneza tovuti za kampuni za safari, anayetafsiri nyaraka kwa ajili ya mashirika ya kimataifa yaliyopo Arusha, au anayeshauri vikundi vya ushirika kuhusu hesabu zao bila kuwa mwajiriwa wao, huyo mapato yake ni ya biashara. Kampuni au taasisi inayomlipa kwa huduma humkata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kumpa cheti. Watu wengi huamini kwamba asilimia 5 hiyo imemaliza mambo. Haijamaliza. Ni malipo ya awali tu, na mwisho wa mwaka mapato halisi ya huduma hujumlishwa na mshahara, kodi ya jumla hukokotolewa kwa viwango vya mtu binafsi, kisha makato ya mwajiri na kodi ya zuio hutolewa.

Kwa mfano, mhasibu wetu wa Moshi angekuwa anatoa huduma badala ya kuajiriwa na kampuni ya utalii, na kwa mwaka angelipwa 7,200,000 huku gharama zake za kazi, zenye stakabadhi, zikiwa 1,200,000, faida yake ingekuwa 6,000,000. Ukijumlisha na mshahara wa 10,800,000 unapata 16,800,000, na kodi yake ya mwaka ni 2,976,000. Hotelini amekwisha kukatwa 1,236,000, na kodi ya zuio ni 360,000. Kinachobaki ni 1,380,000. Ikiwa hakukadiriwa mapema na hakuweka chochote, fedha hiyo humjia kama mkopo asiokumbuka kuuomba.

Ndiyo sababu sheria inamtaka mtu wa namna hii awasilishe makadirio ya mapato yake kufikia tarehe 31 Machi ya mwaka husika, na kulipa kwa awamu nne, mwishoni mwa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Katika mfano huu kila awamu ingekuwa 345,000. Ritani ya mwaka huwasilishwa kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Mfanyakazi ambaye mapato yake yote ni mshahara uliokatwa kodi na mwajiri kwa kawaida hahitaji kuwasilisha ritani, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu aliyezoea miaka kumi ya kutojishughulisha na ritani hudhani hali ni ileile hata baada ya kuanza kupokea malipo ya huduma.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kulipa kodi ile ya wafanyabiashara wadogo inayotozwa kwa kuangalia mauzo. Utaratibu huo umewekewa watu ambao mapato yao yanatokana na biashara pekee na ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, na huduma za kitaalamu zimeondolewa humo. Mtu mwenye mshahara na kazi ya ushauri pembeni hayumo.

Swali linalozidi kuja, hasa kutoka kwa vijana wa teknolojia, linahusu kazi zinazofanywa kwa kompyuta kwa ajili ya kampuni za nje. Kijana yuko mtaa wa Sakina, Arusha, mteja wake yuko Ujerumani, fedha zinaingia katika akaunti ya mtandaoni na baadaye benki. Kwa kuwa hakuna mwajiri wa hapa anayekata, huamini kwamba hakuna kodi. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake yote, ya ndani na ya nje. Mtu mwenye makazi yake ya kudumu hapa na anayeishi humo katika mwaka husika ni mkazi, na vilevile aliyekaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Zaidi ya hayo, kazi iliyofanyika Arusha ina chanzo chake Arusha, popote malipo yanapotoka. Kama nchi ya mteja imekata kodi, cheti cha makato hayo kihifadhiwe, kwa kuwa kodi iliyolipwa nje inaweza kutambuliwa katika hesabu ya hapa. Kutokuwepo kwa anayekata kunamhamishia mfanyakazi mzigo wote wa makadirio na ritani.

Je, Mamlaka itamwambia mwajiri wangu?

Hili ndilo swali ambalo watu huliuliza mwishoni, wakiwa wamekwisha kusimama kuondoka, ingawa ndilo lililowaleta. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inawataka maofisa wa kodi kutunza siri ya taarifa za mlipakodi na kuzitoa tu pale sheria inaporuhusu. Kumpigia simu mwajiri wako wa kwanza ili kumwarifu kwamba una mapato mengine hakumo katika ruhusa hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inambana kila anayekusanya taarifa za mtu, wakiwemo waajiri wote wawili. Mwajiri wa kwanza huwasilisha orodha yake ya makato bila kuoneshwa orodha ya mwingine.

Kinachopaswa kueleweka ni kwamba Mamlaka yenyewe huona pande zote mbili. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, ni moja kwa kila mtu, hutolewa bila malipo, na huambatana na namba ya kitambulisho cha Taifa. Majina yakiingia katika orodha za mishahara za waajiri wawili, wote wakidai kuwa ndio ajira ya msingi, tofauti hiyo haihitaji mpelelezi kuiona. Kufungua TIN ya pili kwa jina lililogeuzwa herufi, jambo ambalo tumewahi kuulizwa kwa uso mkavu kabisa, ni kosa jingine juu ya la kwanza.

Kwa uzoefu wetu, siri nyingi za kazi ya pili hufichuliwa na watu, si na kodi. Moshi ni mji ambao mgeni wa hoteli yako ya kwanza anaweza kuwa mteja wa kampuni yako ya pili wiki hiyohiyo. Nyaraka nazo huchangia. Taarifa ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF huonesha waajiri wote waliokuchangia, na mfanyakazi anayeichapisha kwa ajili ya kuomba mkopo, kisha akaisahau juu ya mashine ya ofisini, amejifichua mwenyewe. Mtumishi wa umma aliye katika PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ambaye anaajiriwa pia na taasisi binafsi hujikuta ameandikishwa katika mifuko miwili tofauti.

Usiri una gharama nyingine isiyohesabiwa mara nyingi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, hukokotoa fidia ya mtu aliyeumia kazini kwa kuangalia kipato chake kilichoandikishwa. Mbeba mizigo au dereva aliyeumia katika kazi ya pili ambayo mwajiri wake hakuwahi kumwandikisha hana kumbukumbu ya kuonesha kwamba alikuwa kazini siku ile. Michango ya pensheni isiyotolewa ni hivyohivyo. Anayefurahia kulipwa mkononi bila makato husahau kwamba katika NSSF jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu yake hutoka mfukoni mwa mwajiri. Akikataa kuandikishwa amemwachia mwajiri fedha ambayo ilikuwa haki yake.

Wajibu wa kumweleza mwajiri

Hakuna sheria ya jumla ya kazi Tanzania inayomkataza mfanyakazi wa sekta binafsi kuwa na waajiri wawili. Kinachoamua ni mkataba, kanuni za mahali pa kazi na wajibu wa uaminifu ambao kila mfanyakazi anao hata usipoandikwa. Mikataba mingi ya hoteli, benki na mashirika ya Arusha ina kifungu kinachosema kwamba mfanyakazi atatumia muda wake wote wa kazi kwa mwajiri na hatafanya shughuli nyingine ya kipato bila idhini ya maandishi. Wengi walikitia saini bila kukisoma. Kama kifungu hicho kipo, ukimya ni uvunjaji wa mkataba. Kama hakipo, bado unapaswa kueleza pale kazi ya pili inapogusa maslahi ya mwajiri wa kwanza, mathalani ukiwa mpanga safari wa kampuni moja huku ukiuza safari hizohizo kwa kampuni inayoshindana nayo, au ukitumia orodha ya wateja uliyoipata kazini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Dereva aliyelinda lango usiku kucha kisha akachukua wageni alfajiri kuelekea Ngorongoro hawezi kudai kwamba mapumziko yake ni mambo yake binafsi. Ana abiria nyuma yake, na barabara ya kushuka kreta haimhurumii mtu mwenye usingizi.

Mahali ambapo tumeona ajira nyingi zikivunjika ni likizo ya ugonjwa. Sheria hiyo inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mtu anayeleta cheti cha daktari kwa mwajiri wa kwanza kisha akaonekana kazini kwa mwajiri wa pili hana tena suala la kazi ya pili mbele yake. Ana suala la udanganyifu, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinauhesabu udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi hata kwa kosa la kwanza.

Hata hapo mwajiri hana ruhusa ya kufukuza papo hapo. Anatakiwa awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, ikiwemo kumpa mfanyakazi tuhuma kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Aliyeachishwa bila hayo anaweza kupeleka lalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Kwa watumishi wa umma uzito ni mkubwa zaidi. Kanuni na miongozo ya utumishi wa umma inamtaka mtumishi aepuke mgongano wa maslahi na asitumie muda, vifaa wala cheo cha umma kwa manufaa binafsi. Muuguzi anayewaelekeza wagonjwa wa hospitali ya umma waende katika zahanati anakolipwa jioni, au ofisa ununuzi wa halmashauri ambaye kampuni anayoihudumia kwa siri inaomba zabuni katika halmashauri hiyohiyo, hao wamevuka mpaka wa nidhamu ya kazi na kuingia katika sheria za ununuzi wa umma na za kuzuia rushwa. Viongozi wa umma wanaotajwa katika sheria ya maadili ya mwaka 1995 wana wajibu wa ziada wa kuwasilisha tamko la rasilimali, maslahi na madeni, na mapato ya kazi ya pili hayawezi kukosekana humo wakati nyumba iliyojengwa kwa mapato hayo inaonekana kutoka barabarani.

Barua ya kuomba idhini haihitaji maelezo marefu. Inatosha kutaja aina ya kazi, siku na saa zake, na kueleza kwamba haishindani na shughuli za mwajiri wala haitumii vifaa vyake. Kiasi unacholipwa si lazima kukitaja, isipokuwa kama mkataba au sheria ya utumishi wako inataka hivyo. Jibu liombwe kwa maandishi, kwa sababu idhini ya mdomo huondoka pamoja na meneja aliyeitoa. Wanataaluma waangalie pia bodi zao: mhasibu anayetoa huduma kwa umma anapaswa kuwa na usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, unaomruhusu kufanya hivyo, na anayejiita mshauri wa kodi anapaswa kusajiliwa kwa kazi hiyo.

Kwa aliyekwisha kuchelewa

Wapo wanaosoma haya wakiwa na miaka miwili au mitatu ya kazi ya pili isiyotozwa kodi ipasavyo. Kwao kuna tofauti kubwa kati ya kwenda wenyewe na kusubiri barua ya ukaguzi. Adhabu ya taarifa za uongo hupimwa kwa kiasi cha kodi iliyopungua na huwa kubwa zaidi inapoonekana kwamba mtu alifanya kwa kujua. Mtu aliyejitokeza mwenyewe na kurekebisha ritani ana hoja ambayo aliyekamatwa hana. Kamishna Mkuu wa Mamlaka anayo mamlaka ya kusamehe riba na adhabu kwa maombi yenye sababu za msingi. Kodi yenyewe haisamehewi kwa njia hiyo, lakini inaweza kukubaliwa ilipwe kwa awamu.

Anayekwenda katika ofisi ya Mamlaka mkoani Arusha au Kilimanjaro achukue namba yake ya TIN na kitambulisho cha Taifa, mikataba yote miwili au barua za kuajiriwa, hati za malipo ya mshahara za miezi husika, vyeti vya kodi ya zuio, na taarifa za benki au za simu zinazoonesha malipo yaliyopokelewa bila karatasi. Kabla ya hapo amwandikie mwajiri wa pili barua fupi ya kumjulisha kwamba ajira yake ni ya pili, ili makato ya mwezi unaofuata yaanze kwa kiwango sahihi wakati ya nyuma yakiendelea kujadiliwa. Akipata makadirio ya kodi asiyokubaliana nayo, pingamizi liwasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu kupokea makadirio hayo, likiwa na hesabu zake mwenyewe na vielelezo vinavyoziunga mkono.